Barabara Iliyopimwa kwa Futi ya Baba

Hadi leo, nikisikia nyundo ikipasua jiwe, hutoka nje kwanza kutazama mawingu, ndipo akili inikumbushe kwamba mimi ni mtu mzima. Ngojeni niwaeleze taratibu, kwa sababu hofu ya mtoto ina sababu zake, na ukizijua hutaicheka.

Nyumba yetu ya Nyamirambo ilikuwa juu ya barabara. Kufika mlangoni ulipanda mteremko wa udongo mwekundu, ambao kiangazi ulikuwa vumbi na wakati wa mvua ulikuwa sabuni. Nilipokuwa na miaka saba, mama alishikwa na uchungu wa kuzaa siku ya mvua, na hakuna gari lililoweza kupanda. Majirani walimlaza katika ingobyi, machela ya kusukwa ya kubebea wagonjwa, wakamteremsha mabegani huku wakiteleza. Nilisikia mmoja akianguka, na mama akipiga ukelele mmoja tu. Kesho yake baba, ambaye alikuwa fundi cherehani, alikata sanda ndogo kuliko nguo yoyote niliyopata kumwona akikata. Mama alirudi mikono mitupu.

Basi tumbo la mama lilipoanza kuonekana tena, mimi nikiwa na miaka minane, nikawa mlinzi wa mvua. Kila asubuhi kabla ya uji nilitoka nje kutazama kama kuna weusi juu ya Mlima Kigali.

Baba naye alimwita mkandarasi. Aliitwa Gasana, mtu wa maneno machache, mwenye viganja vipana kama majembe, akaja na vibarua wanne na lori la mawe. Mngedhani baba angemwachia kazi yake. Badala yake alitoa shingoni futi yake ya kupimia nguo, akateremka hadi ilipoegeshwa teksi ya jirani yetu Abdu, akapiga magoti, akapima toka gurudumu hadi gurudumu.

"Nipangie mistari miwili ya mawe," alimwambia Gasana, "mmoja kila upande, kwa kipimo hiki. Katikati acha udongo."

Gasana aliitazama ile futi. "Fundi, gari haiko mutu. Haiko na kiuno."

"Fanya hivyo hivyo."

"Na kama inakuja gari ingine?"

Baba akamvuta kando, nyuma ya jiko, wakanong'ona. Gasana aliporudi hakubisha tena. Alichukua sururu akaanza kuchimba.

Mtaa mzima ulipata cha kusema. Bombani wanawake walimwuliza mama, "Mama Zuhura, mumeo ameishonea gari barabara. Vifungo ataweka wapi?" Mama alicheka. Nami nilicheka, kisha nikayatazama mawingu.

Sasa mteremko wote ulikuwa mitaro, na tulipita juu ya ubao. Nyundo zililia tangu asubuhi. Gasana alisimamisha kila jiwe kwa ubavu, akaligonga, akaliziba kwa mchanga, akalijaribu kwa kisigino. Nilichuchumaa karibu naye nikimwuliza amebakiza mangapi.

"Mototo, jiwe haipendi haraka," alisema. "Ukisukuma leo, kesho itakutupa chini."

Mvua ilikuja alasiri moja, mistari ikiwa imefika mlangoni asubuhi hiyo hiyo. Haikuanza kwa manyunyu. Mama alishika mwimo wa mlango, akainama, na nikajua. Baba alikimbia kwa Abdu. Abdu alikuwa amepeleka abiria Butare, mji wa mbali.

Baba alirudi amesimama nyuma ya pikapu ya mchuuzi wa kabichi, na nafasi kati ya magurudumu yake ilikuwa pana kuliko ya teksi. Nililiona hilo kabla haijaanza kupanda. La kulia lilishika mawe. La kushoto likawa katika tope. Pikapu ilifika katikati, ikanguruma, ikasimama, kisha ikaanza kurudi nyuma polepole, ubavuubavu, kuelekea mtaro wa kando ya njia. Mama alikuwa ameubana mkono wangu hata vidole vikafa ganzi. Nilijikojolea pale pale mlangoni, wala sikuona haya.

Gasana alikuwa ameshafika miguuni petu. "Toeni hizi za juu," aliwaambia vibarua. "Zote."

Waling'oa mawe yaliyopangwa siku ile ile, wakayateremsha na kuyashindilia chini ya gurudumu la kushoto. Baba alipiga magoti topeni na suruali yake ya kuvalia dukani, akichimbua kwa kucha. Jiwe kwa jiwe, ile pikapu ikatufikia.

Mama alipakiwa pamoja na jirani yetu Bi Mariamu, na baba akapanda nyuma. Mimi nikabaki. Gasana aliwaruhusu vibarua wake waende, lakini yeye alichuchumaa kwenye mvua akaanza kupanga upya, safari hii kwa upana zaidi.

Nilimwuliza kwa nini haendi kwake.

"Gari itarudi. Ipite wapi?"

"Itarudi na watu wangapi?"

Aliliweka chini jiwe alilolishika. "Mimi niko najua mawe tu, mototo. Nipe ile ndogo."

Nikampa. Nilimpa madogo yote hadi adhana ya magharibi.

Pikapu ilirudi asubuhi. Nilijificha nyuma ya mlango, maana sikutaka kuwahesabu. Ndipo nikasikia kilio chembamba chenye hasira, nikakaa chini.

Kwa miaka mingi kisa hiki kilikuwa kichekesho cha nyumbani: fundi aliyeipima barabara kama suruali. Baba alicheka pamoja nasi, hakujitetea hata mara moja. Alipokwisha kufariki ndipo mama aliponieleza waliyonong'ona nyuma ya jiko. Baba aliuliza njia nzima ingechukua muda gani. Gasana akasema mvua ingewakuta katikati ya kazi. Na mistari miwili myembamba? Huenda wakaiwahi. Baba alijua vyema kwamba gari jingine lingeweza kuja. Alichagua kuokoa siku badala ya kupata upana, akamwomba Gasana asimwambie mtu, hasa mama, asije akajua jinsi mumewe anavyoogopa.

"Wewe ulijuaje?" nilimwuliza.

"Nilikuwa jikoni, mwanangu. Nikanyamaza, ili naye asijue ninavyoogopa mimi."

Kumbe nyumba ile ndogo ilikuwa na waoga watatu, na kila mmoja alikuwa akijitahidi kuwaficha wenzake woga wake.