Godoro la Sita kwa Sita

Aibu hii ni yangu, sitaki kumsingizia mtu. Nawasimulia mwenyewe kwa sababu najua mmeshaisikia nusu nusu huko mnadani, na wanaoisimulia wanaisimulia vibaya (eti Marwa wa Machochwe alimpiga matroni wa chuo, sikumpiga mtu, nilichofanya ni kibaya kuliko hicho). Mkitaka kucheka chekeni, lakini taratibu.

Yote yalianza na godoro. Binti yangu Bhoke alichaguliwa chuo cha uuguzi kule Tarime, wa kwanza katika ukoo wetu wote, ikaja karatasi yenye orodha ya vitu vya bwenini: ndoo mbili, chandarua, shuka, blanketi, godoro. Sasa mambo kama hayo ni ya mama mtu, na mama yake, Wankuru wangu, tulikuwa tumemzika mwaka uliotangulia. Na niwaambie jambo ambalo hamlijui: tangu siku ya mazishi mimi sikuwa nimetamka hata mara moja, kwa mdomo wangu, kwamba mke wangu alifariki. Mtu akiniuliza habari za nyumbani namjibu ng'ombe wazima, mahindi yanaendelea.

Dada yangu Gati akaja asubuhi moja, akakaa pale mlangoni, akasema, "Kaka, hii kazi niachie mimi shangazi yake. Nitakwenda naye dukani, nitampeleka mpaka chuoni, nitamtandikia na kitanda."

Nikamkatalia. Nikamwambia mtu aliyenunua madume mnadani miaka ishirini hawezi kushindwa na godoro. Kiburi kitupu! Lakini chini ya kiburi kulikuwa na kitu kingine, maana niliona Gati akishika ile nafasi, basi ndiyo tumeshakubali kwamba mwenye nafasi yake harudi.

Tukaenda Mugumu, mimi na Bhoke. Mwenye duka, mama mmoja mchangamfu, akaniuliza, "Mzee, kitanda chenyewe ni ngapi kwa ngapi?" Nitajuaje? Karatasi imesema godoro, basi. Aliyejua ni Bhoke, kalala bweni miaka yote ya sekondari, na alikuwa hapo hapo mlangoni kanipa mgongo, anaangalia barabara. Ila mimi nimelelewa kwamba baba hazungumzi habari za kitanda na binti yake aliyekua, wala hakanyagi mahali anapolala, na yeye kalelewa hivyo hivyo, ndiyo maana alinipa mgongo. Basi nikafanya ninachokijua, nikalikagua godoro kama dume, nikalibonyeza mbavu, nikalipiga kofi, nikasema nipe hilo kubwa, la sita kwa sita.

Nikasikia Bhoke nyuma yangu, akiniita baba kwa kilugha chetu, "Tata, lakini..."

"Lakini nini? Unataka waseme huna kwenu?"

Mwenye duka alicheka, Bhoke hakucheka.

Tarime tulifika saa nne, godoro likiwa limekunjwa na kufungwa kamba juu ya keria ya basi, limekula vumbi lote la njiani. Pale getini ndipo nilipoanza kuona wazazi wenzangu, karibu wote akina mama, kila mmoja kabeba kigodoro chembamba, kimeviringishwa vizuri chini ya kwapa. Nikaliangalia langu. Lakini mtu mzima utafanyaje? Bhoke akaenda kwenye foleni ya usajili, upande wa pili wa jengo, mimi nikajitwika langu nikaelekea bweni la wasichana.

Kamba ikakatika. Godoro likafunguka lote kichwani mwangu, pembe zikanining'inia mpaka magotini, sioni mbele sioni nyuma, nikakanyaga miguu ya watu waliokaa kwenye benchi, chai ya mtu ikamwagika, na mimi badala ya kusimama nikazidi kukaza mwendo (ndivyo nilivyo, nikikosea naongeza mbio) mpaka nikaingia nalo kwenye mlango wa bweni, likakwama. Nikasukuma kwa bega. Wasichana walikuwa ndani wanataka kutoka. Mmoja akauliza, "Jamani, ni ng'ombe gani huyo anaingia?" Uwanja mzima ukaangua kicheko.

Matroni akaja. Angekuwa mkali ningejua la kufanya, lakini alikuwa mpole.

"Shikamoo mzee. Vitanda vyetu ni futi mbili na nusu, hilo halitaingia. Mama wa mwanafunzi yuko wapi?"

Nikalivuta godoro mpaka likatoka mlangoni.

"Kama umekuja peke yako si vibaya. Nakuruhusu, ingia upime kitanda, umtandikie mtoto."

Wale akina mama wote wananiangalia. Mimi niingie anapolala binti yangu, na mabinti wa watu wengine? Nilichotakiwa kusema ni maneno matatu tu, mama yake alifariki, na mama yeyote pale angeinuka kunisaidia. Mdomo ukafunguka wenyewe.

"Mama yake yuko njiani, anakuja."

"Atachelewa?"

"Hapana, ameshashuka stendi."

Jamani! Nikamshusha na stendi kabisa.

Matroni akasema basi tumsubiri. Nikakaa juu ya godoro langu pale nje ya mlango. Wazazi wengine wanaingia, wanatandika, wanatoka. Ikapita nusu saa, na kila mwanamke aliyepita getini matroni alikuwa akiniuliza, "Ndiye huyo?" nami natikisa kichwa. Mwisho akanionea huruma. Walikuwa na kipaza sauti cha kuitia majina ya usajili, akakifuata, akarudi nacho, akaniambia huenda mama amepotea njia. Nikanyanyua mkono nimzuie, alikuwa ameshakiwasha.

"Mama Bhoke Marwa kutoka Machochwe! Mama Bhoke, kama umefika, binti yako anakusubiri bweni la wasichana."

Akarudia. Jina lile sikuwa nimesikia mtu akiliita tangu msibani.

Bhoke akatokea kwenye kona ya jengo anakimbia. Hakuja kwangu. Alipita akaenda moja kwa moja getini, karatasi zake zinadondoka nyuma hazioni, akasimama pale akaangalia barabara huku, akaangalia kule. Kisha akarudi akitembea, anaokota karatasi moja moja. Hakuna aliyecheka tena, hata wale wasiojua kitu.

Alipofika hakuniangalia.

"Matroni, shikamoo. Mama yangu alifariki mwaka jana. Sina anayekuja."

Kipaza sauti kilikuwa bado kimewaka mkononi mwa matroni. Maneno hayo yalisikika uwanja mzima, mpaka barabarani. Na mimi nimekaa pale pale juu ya godoro, ningenyoosha mkono ningemgusa.

Alisema hana anayekuja, na hakudanganya. Aliyedanganya ni mimi.

Mama mmoja aliyetoka Genkuru, aliyemleta binti yake, akainuka, akakaza khanga kiunoni, akaomba kisu. Hakuniuliza swali. Alisema tu, "Baba Bhoke, shika hapa, vuta," nikashika, nikavuta, akalikata godoro mbele ya watu, sponji zikipeperuka kwenye suruali yangu nyeusi ya kwendea kanisani. Akachukua kipande cha futi mbili na nusu, akamshika Bhoke mkono, wakaingia ndani kutandika. Mimi nilibaki nje naokota vipande vya sponji.

Bhoke alinisindikiza mpaka getini, maana adabu alifundishwa. Akasema, "Tata, nilijua hayupo. Miguu ndiyo ilikimbia." Halafu akasema, "Ungeniuliza tu."

Mnajua nilimjibu nini? Nilimwambia asome kwa bidii.

Nilirudi Machochwe na kipande cha futi tatu na nusu. Gati akaniuliza, kaka, hilo ni la nani? Nikamweleza yote, na nilipofika kwenye kusema Wankuru alifariki, nikayasema, tukalia wote wawili. Siku hiyo nikaapa mbele yake: sitamweka tena marehemu njiani, na nikiulizwa mzazi yuko wapi, nitasema ni mimi, mimi ndiye niliyekuja.

Bhoke hupiga simu Jumapili, lakini humpigia shangazi yake. Gati huweka sauti kubwa ili nisikie, nami hukaa hapo najifanya nasokota kamba. Jumapili iliyopita nikamsikia anauliza, "Shangazi, tata anakula vizuri?"

Gati akanisogezea simu mpaka mdomoni. Nikaiangalia. Kiapo nilikuwa nimeshakiapa, ndugu zangu, na aliyekuwa anashuhudia ni huyo huyo dada yangu.

Nikamnong'oneza Gati, "Mwambie anakula."