Kitabu cha Chepkurui

Rodah alikuwa mtu wa kuogopa macho ya watu, na mwaka huo alikuwa na sababu. Bintiye, Chepkurui, alikuwa amepata mchumba. Desemba wakwe wangekuja kwa koito, sherehe ya posa, wakae na wazee, waulizane habari za ukoo. Na huku kwenye mashamba ya majani chai kila mtu analijua lile swali linaloulizwa kwa sauti ya chini: kwenu kuna kichaa?

Tangu Pasaka usingizi ulikuwa umemkataa. Alisimama shambani na kikapu mgongoni, mkono umeshika jani moja, mpaka saa nane, kikapu kitupu. Siku alipojikuta akimwomba Mungu asimwamshe kesho, aliogopa kuliko alivyowaogopa wakwe. Akanyakua daftari la kwanza aliloliona juu ya kabati, maana hospitalini huandikiwi kitu kama huna kitabu, akaipita Litein, mji wa karibu, leso usoni, akaenda hospitali ya mbali.

Njia nzima alikariri majibu. Alikuwa amesikia kwamba wanaopima akili huuliza tarehe, siku na jina la kaunti. Nesi Monicah, mama mmoja mpole kutoka upande wa ziwa, hakuuliza hata moja. Aliuliza juu ya usingizi, chakula, kama anajiona hana maana, kama amewaza kufa. Maswali tisa, yote ya wiki mbili zilizopita. Rodah akajibu hapana, hapana, hapana, huku jasho likimtoka.

Monicah akaweka kalamu chini. "Mama, hii maswali yote umepata sifuri. Hata mimi mwenyewe siwezi pata sifuri. Tuanze tena pole pole?"

Hapo Rodah akalia, akasema yote. Safari hii alama zilifika ishirini na moja kati ya ishirini na saba.

"Hii ni depression, mama. Ni ugonjwa, na iko na dawa. Wewe si kichaa." Monicah akaandika kitabuni, akampa karani, akamwambia Rodah angoje nje daktari amwone.

Benchi lilikuwa limejaa. Na mwishoni mwake, akingoja kupimwa presha, nani huyo kama si Eddah, shangazi wa mchumba wa Chepkurui, mwenye ulimi usiojua kupumzika! Rodah akavuta leso. Eddah hakuwa amemwona. Akina Rodah ni wengi, alijiambia, wakiniita nitapenya tu.

Karani akatoka, akasoma jina kwenye jalada la daftari.

"Chepkurui Koech! Chumba cha akili!"

Ndipo Rodah alipokumbuka. Lilikuwa daftari la shule la bintiye, lililobaki na kurasa safi. Eddah akainua kichwa, akaangaza huku na huku.

"Chepkurui Koech!"

Njia ya kutokea ilikuwa wazi. Angeweza kuondoka kimya kimya. Lakini jina la mtoto lingebaki pale na Eddah, na kabla ya jioni lingekuwa limefika kwa wakwe. Mtoto ambaye hajawahi hata kuumwa na kichwa!

Rodah akasimama, akaondoa leso usoni.

"Kitabu ni ya msichana wangu," akasema, benchi zima likasikia. Alikuwa akimtazama Eddah. "Mgonjwa ni mimi."