Hukumu ya Komando

Mume wangu Saturnini ni mtu mpole, hata sisimizi anamruka. Lakini redio ikitaja muuaji tu, ataacha ugali wake na kugonga meza: "Nyonga! Wanangoja nini?" Nimeishi na hiyo nyonga yake miaka sita hapa Mnero, mpaka kuna siku naomba redio iishiwe betri.

Simcheki sana kwa hilo. Mdogo wake, Kassian, aliuawa shambani na wezi wa korosho, akaacha mke na watoto watatu. Kijana mmoja alikamatwa, akahukumiwa kunyongwa. Alilia mahakamani kwamba siku ile alikuwa Mandawa kwa shangazi yake. "Wote huwa kwa shangazi," Saturnini akasema. Basi kijana hajanyongwa, yuko gerezani mpaka leo, na hilo ndilo linalomchoma mume wangu. "Kassian yuko chini ya udongo, yeye anakula maharage ya serikali!" Mimi shemeji yangu nilimpenda, kwa hiyo huwa nakaa kimya.

Asiyekaa kimya ni jirani yetu Mbaruku, mtani wake. "Kwetu Waislamu mwenye maiti ana haki ya kudai damu," humwambia, "lakini akisamehe, Mungu anampenda zaidi. Samehe, ule kwa raha."

"Nisamehe? Kwani alikuua wewe?"

"Angeniua mimi ungempa zawadi!"

Basi wanacheka, halafu wanaanza upya.

Sasa mwezi wa pili mayai ya Mbaruku yakaanza kupotea bandani. Asubuhi moja mbwa wetu Komando akakutwa humo humo, ute wa yai puani. Mbwa akishaonja mayai haachi. Huku kwetu huuawa. Mbaruku akaja mpaka uani, watu nyuma yake, anajichekea. "Mtani, muuaji tumemkamata. Kaua vifaranga kumi na wawili kabla hawajazaliwa. Tumfanyeje?"

Saturnini akamtazama mbwa wake. Komando alimlea tangu hajafumbua macho. Wanakwenda shamba pamoja, wanagawana muhogo. Lakini angesema nini, na uani pamejaa watu waliomsikia miaka yote? "Anyongwe," akasema, kwa sauti ya mtu anayeumwa jino.

Mbaruku akaleta kamba. Mpya kabisa, mshenzi yule! "Ningekusaidia," akasema, "ila mimi mbwa simgusi."

Siku ya kwanza walikwenda mikoroshoni, mume wangu mbele, Komando nyuma anatikisa mkia. Saa sita wakarudi wote wawili. "Mikorosho yetu haina tawi la maana," akaniambia. Kesho yake ilikuwa Ijumaa, eti heshima kwa Waislamu. Jumamosi kulikuwa na sala ya jumuiya. Jumapili, nani ananyonga Jumapili? Halafu ikaingia Kwaresima. Komando amefungwa uani kwa ile kamba mpya, ananenepa, maana Saturnini alisema mhukumiwa lazima ale. Nikamwambia, "Baba Prisila, huyu mbwa unamnyonga au unamposa?" Akanuna siku nzima.

Wiki ya tatu Mbaruku akapiga yowe bandani kwake. Tukakimbia. Kumbe kenge! Amejilaza kwenye kiota, tumbo limevimba kwa mayai, na Komando wetu wiki zote hizo yuko kambani! Tulicheka mpaka Mbaruku akakaa chini. "Maskini, alikuja kulamba makombo tu! Mtani, ungekuwa hodari kidogo, leo muuaji ungekuwa wewe!"

Saturnini hakucheka. Alirudi nyumbani akaanza kufungua kamba, na fundo moja tu likamchukua muda mrefu. Nilitaka kumtania, nikaona machozi, nikaingia jikoni.

Jioni tunakula, redio ikataja mtu aliyehukumiwa kunyongwa hadi kufa. Nikashika bakuli la mchuzi lisimwagike, nikangoja meza igongwe. Wapi! Alikuwa anamkuna Komando shingoni, pale kamba ilipokwangua manyoya.

"Mama Prisila," akasema, "yule kijana wa kesi ya Kassian. Kuna mtu aliyekwenda Mandawa kumuuliza shangazi?"