Mdau wa Kwedizinga

Hebu mwone kwanza anavyowasili. Basi la kutoka Arusha limemshusha Korogwe, pikipiki ya mwenzake imemfikisha Kwedizinga, na sasa anapanda kinjia cha kwenda kwa Bi Mwaija, koti jeusi mwilini, jua la saa nane likimkaanga. Shingoni ndiko kwa kutazama. Kunaning'inia kitambulisho cha plastiki chenye utepe wa buluu, picha yake, na neno moja kubwa: MDAU. Mkutano umekwisha juzi, kitambulisho hakijavuliwa. Ukimwuliza atakwambia amesahau, nawe ukimwamini, basi amini pia kwamba jogoo husahau kuwika.

Huyo ndiye Valentino, mwenyekiti wa kijiwe cha bodaboda. Babu yake alitoka Unyamwezi kuja kukata mkonge upande wa Kerenge, akazikwa hukohuko. Mjukuu akaoa Handeni, akanunua pikipiki, na katikati ya abiria na abiria akawa mshereheshaji wa harusi na misiba. Mpe kipaza sauti, kukirudisha ni kazi ya watu watatu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mpagazi wangu," akajibu Bi Mwaija bila kuinua macho kutoka kwenye mahindi aliyokuwa akipukuchua. "Mzigo niliokutwika umefika?"

Usimwonee huruma. Wazigua na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, na Bi Mwaija ni Mzigua asiyeacha haki yake ilale njaa. Siku zote humwita mpagazi, naye hucheka. Ila siku hiyo swali halikuwa la utani.

Mzigo wenyewe ulikuwa maneno. Nyuma ya nyumba ya bibi kuna korongo. Kiangazi ni mchanga, mbuzi wanalala humo. Mvua ikinyesha, linawatenga watu na barabara ya kwenda hospitali Korogwe. Miaka ya nyuma binti yake, Tatu, alishikwa na uchungu maji yamejaa, akajifungulia ukingoni, kwenye tope. Mtoto hakulia. Sasa mjukuu wake Hafsa alikuwa mjamzito, na vuli ilikuwa imekaribia.

Ndipo ikaja simu kutoka Chanika, mjini Handeni, kwa viongozi wa bodaboda wa wilaya: watafiti wa usafiri wanafanya mkutano wao mkubwa wa kila mwaka huko Arusha, wanataka mdau mmoja wa kijijini aseme nao dakika tatu. Kijiwe kikamchagua Valentino kwa sababu ana koti. Bi Mwaija akamwita barazani, akamfundisha kama anayemfundisha kasuku: "Sema hivi. Tuna korongo. Mvua ikinyesha hatuvuki. Wajawazito wanabebwa. Tunaomba kalavati. Ukimaliza, kaa." Valentino akarudia mpaka akaweza.

"Umefika, bibi, tena umefika kwa makofi," akasema sasa, akitoa simu. "Wadau wenzangu wamenirekodi. Tazama mwenyewe."

Bi Mwaija akapangusa mikono. Hafsa akasogea na tumbo lake. Wakaona ukumbi mkubwa, watu wamejifunika mitandio kwa ubaridi wa viyoyozi, kila mmoja na chupa yake ya maji. Profesa mmoja alikuwa akimalizia mada, na ukutani pametundikwa picha ya mwanamke aliyejitwika kuni.

"Huyo mke wa nani?" Bi Mwaija akauliza.

"Hawakumtaja, bibi. Huyo ni changamoto."

"Hm. Na hawa hukutana kila mwaka?"

"Kila mwaka! Barabara, madaraja, uchukuzi, hakuna wasichokichambua."

"Walifikaje huko?"

"Wengi kwa ndege."

"Ndiyo maana," akasema bibi, akatema ganda la hindi.

Kisha Valentino wa kwenye simu akasimama, akafunga vifungo vya koti. "Mheshimiwa mgeni rasmi. Mheshimiwa mwenyekiti wa kikao. Wageni wetu kutoka nchi za nje. Maprofesa, madaktari, wahandisi, wanahabari, na akina mama mliotuandalia chakula kitamu. Itifaki imezingatiwa." Neno hilo, wenzangu, hutumika kumwepusha mtu na orodha. Valentino alilisema baada ya kuimaliza orodha. Akamshukuru Mungu kwa safari njema. Akamshukuru dereva wa basi. Akaleta salamu za Handeni, akaleta na za Korogwe, Korogwe isije ikanuna. Akausifu ukumbi. Akasema kwamba yeye si msemaji. "Sasa basi, bila kuwapotezea muda..."

Kengele ya dakika tatu ikalia. Akainama kwa heshima. Ukumbi mzima ukapiga makofi, na profesa wa kuni alipiga kuliko wote.

Hafsa alikuwa akicheka. Akaona uso wa bibi yake, akaacha.

"Rudisha nyuma," Bi Mwaija akasema. Akasikiliza tena, sikio limebanwa kwenye simu. "Korongo liko wapi?"

"Bibi, ningeanzaje? Mtu haingii tu mbele ya wakubwa akabwaga korongo. Ni adabu."

"Adabu. Tatu alipokuwa kwenye tope pale, hiyo adabu ilikuwa imekwenda wapi?"

Valentino akakishika kitambulisho kama mtu anayetaka kukificha.

"Wale nimewaelewa," bibi akaendelea, taratibu kabisa. "Wanalipenda tatizo letu kama mganga anavyompenda mgonjwa asiyepona. Lakini wewe unalijua korongo. Umelivuka. Ukafika mpaka kwenye masikio yao, ukawapigia debe wapishi. Nenda nyumbani, Valentino."

Hakusema mtani. Hakusema mpagazi. Alimwita jina lake, na kwa mtani hakuna tusi linalozidi hilo. Valentino alishuka kinjia koti likiwa mkononi, na siku zilizofuata akipita, bibi aliitikia shikamoo yake kama anavyoitikia ya mtoza ushuru.

Vuli ikaingia kwa kishindo. Alfajiri moja Hafsa akashikwa na uchungu, na korongo lilikuwa likinguruma. Wanaume wakamlaza kwenye kitanda cha kamba, wakafika ukingoni, wakasita. Kutoka ng'ambo, upande wa barabara, mtu akaingia majini bila kuuliza. Alikuwa Valentino. Akavuka mpaka kwao, akatia bega kwenye mguu wa mbele wa kitanda, upande ule wa mkondo, akaongoza. Maji yalimfika kifuani. Katikati jiwe lilimng'oa ukucha wa kidole gumba cha mguu, akayumba, kitanda hakikuyumba. Na tangu aingie mpaka atoke, mtu yule asiyeweza kuomba chumvi bila utangulizi hakutamka neno hata moja.

Mtoto alizaliwa Korogwe, akalia mpaka wauguzi wakacheka.

Msidhani Bi Mwaija alilainika. "Kubeba tulikuwa tunajua," aliwaambia waliomsifu Valentino. "Babu yake alibeba, baba yake alibeba. Tulimtuma aseme ili kubeba kuishe." Lakini siku ile alimpelekea uji wa moto, na aliyetumwa nao aliambiwa, "Mpe mpagazi."

Mwaka ukazunguka, simu ikaja tena. Wenye mkutano wanamtaka mdau yuleyule; mchango wake, walisema, uliwagusa sana. Kijiwe kikasema aende, koti bado lipo, ila Bi Mwaija aridhie kwanza, kwa kuwa korongo ni lake kuliko la wote.

Valentino akaja jioni, kitambulisho shingoni. "Safari hii nitasema, bibi. Naapa."

Bi Mwaija alikuwa akikoroga mboga. Hafsa ameketi kwenye mkeka na mtoto. "Simama hapo," bibi akasema. "Mimi ndiye ukumbi. Na hii," akainua kijiko juu ya sufuria tupu, "ndiyo kengele. Haya."

Valentino akasimama. Kwenye kandambili, kidole gumba kilikuwa bado hakijaota ukucha sawasawa; umepinda, na huenda ukabaki hivyo. Bibi akakitazama kidole. Valentino akavuta pumzi, akafunga vifungo vya koti, akakohoa kidogo.

"Bi Mwaija, mwenye nyumba hii," akaanza. "Mama mzazi, Hafsa. Mtoto wetu mpendwa..."

Kijiko kikabaki hewani. Nawe uliyeketi nasi hapa barazani, ungekigonga, au ungemngoja afike korongoni?