Bawaba ya Fundi Benibeni

Saa kumi na mbili kasorobo asubuhi. King'ora cha kiwanda cha sabuni hakijalia, na tayari wanaume watatu wamepanga foleni mbele ya mkokoteni wa magurudumu matatu, ulioinamia mbele kama mtu anayetafuta sindano chini. Juu ya mkokoteni kuna cherehani. Nyuma ya cherehani yupo Mama Kiraka, umri miaka hamsini na sita, miwani puani, uzi mdomoni.

"Mama, mguu umechanika tena," anasema wa kwanza.

"Mguu peleka hospitali. Suruali lete hapa."

Kiraka kinapigwa kwa nje, maana cha ndani, anasema, kinamkwaruza mtu kutwa nzima. Dakika nne tu, na mwenye ovaroli anakimbilia langoni huku akifunga vifungo. Mpaka king'ora kilie saa moja, Mama Kiraka atakuwa ameshona viraka kumi na tano. Ameishi hivyo kwa miaka thelathini na moja, na watoto wake wawili wamesoma kwa viraka hivyohivyo.

Huyu ndiye mwanamke ambaye, Jumamosi tatu zilizopita, aliwanyamazisha wajuzi wa vitabu vya katuni. Anayewajua watu hao anajua kwamba kuwanyamazisha si kazi ndogo.

Shujaa wao anaitwa Kapteni Zamu. Anavaa ovaroli ya viraka vya nje, yenye mkono wa kushoto mfupi kuliko wa kulia, na anaendesha gari la magurudumu matatu liitwalo Kimbunga. Yametoka matoleo ishirini na mawili. Mchoraji wake haonekani hadharani na hajibu maswali, kwa hiyo mashabiki hukutana kila Jumamosi katika chumba cha nyuma cha duka moja la vitabu na kubishana mpaka makoo yawakauke. Mmoja anaapa kwamba mkono ule mfupi umetokana na wapiga mishale wa kale. Mwingine anasema hapana, ni marubani.

Mwenyekiti wao, karani wa benki mwenye sauti ya kuhutubia, alikuwa ameandika kurasa kumi na nne kuhusu Kimbunga peke yake. Kwamba linainama mbele kama mnyama anayejiandaa kuruka. Kwamba bawaba iliyochorwa juu ya gurudumu la mbele ni ya siri, na siku moja itafungua ghala la silaha.

Matoleo ishirini na mawili, na bawaba haijafunguka hata mara moja.

Binti wa Mama Kiraka ni muuzaji katika duka hilo. Siku moja alirudi nyumbani na toleo jipya mkobani, akaliweka mezani wakati mama yake anakula.

"Nikasema, mbona huu ni mkokoteni wangu," anakumbuka Mama Kiraka. "Binti akaniambia, mama, acha mambo yako. Nikamwambia, tazama hiyo bawaba. Hiyo ni kazi ya baba yako."

Mumewe alikuwa fundi wa kuchomelea. Mwaka wa pili wa ndoa yao alimtengenezea mkewe mkokoteni kwa vyuma vya kuokoteza. Magurudumu mawili ya baiskeli aliyapata. La tatu lilimpiga chenga, akafunga la toroli, dogo kuliko hayo, na ndiyo maana mkokoteni umeinama. Kisha chuma cha kushikia gurudumu hilo kikapungua. Akang'oa bawaba ya mlango wao wa jikoni, akaichomelea pale.

"Mwezi mzima mlango tuliuegemeza kiti," anasema mkewe. "Nilimnunia, usiniulize."

Watu walimcheka. Wakambandika jina la Fundi Benibeni, likamganda, na wateja wakapungua, kwani nani anataka geti la fundi wa jina hilo? Alifariki miaka minne iliyopita. Hata siku ya mazishi, kuna aliyetania kwamba jeneza linyooshwe vizuri.

"Nilicheka nao," anasema Mama Kiraka. "Lakini liliniuma, mpaka leo linaniuma. Mimi hao wa katuni hata wasiponitaja, sawa. Ila mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni."

Jumamosi hiyo alisukuma mkokoteni dakika arobaini, akaufunga kwa mnyororo nje ya duka, akaingia chumba cha nyuma. Kulikuwa na watu kama ishirini kwenye viti vya plastiki. Wakamwamkia. Mwenyekiti akamsikiliza kwa adabu, ile adabu ya mtu anayesubiri umalize.

"Mama, nisamehe," akamwambia. "Kila wiki tunapata mtu aliyeona kitu cha kwao humu."

Hakubishana. Aliuliza swali moja tu: huyo mchoraji anatumia mkono wa kushoto?

Wakatazamana. Kwa namna mistari ya vivuli inavyolala, hilo walikuwa wameshaligundua mwaka jana. Lakini yeye kajuaje?

Akawaeleza. Wafungashaji wa kiwandani yeye huwapunguzia mkono wa kulia wa nguo kwa upana wa vidole vitatu, kwa sababu ndio unaopita karibu na mkanda wa mashine, na nguo ikinaswa, mtu kaisha. Katika miaka yote hiyo amepunguza wa kushoto mara moja tu, kwa mfungashaji mmoja mpole, mtu wa mkono wa kushoto, aliyekuwa akisubiri nguo yake huku anachora kwenye vipande vya maboksi. Alipunguzwa kazini miaka minane iliyopita.

"Na bawaba?" aliuliza mwenyekiti. Sauti ya kuhutubia ilikuwa imeshuka.

"Ipo nje. Njoo uifungue ukiweza."

Walitoka wote. Mwenyekiti alipiga magoti barabarani na suruali yake ya kazini. Upande mmoja wa bawaba ulikuwa bado na rangi ya kijani ya mlango wa jikoni. Kona ya chini ilikuwa imevunjika, vilevile inavyochorwa katika kila toleo, kona ambayo mwenyekiti, katika ukurasa wa tisa wa maandishi yake, alieleza kuwa ni alama ya ukoo wa Kapteni.

"Haifunguki," alisema.

"Imechomelewa."

Akabaki ameishika. "Kurasa kumi na nne, jamani," akasema, na wenzake wakaangua kicheko. Halafu akainuka, akajipangusa magoti. "Fundi mwenyewe yuko wapi, nimpe mkono?"

Mama Kiraka akamwambia. Mwenyekiti akampa yeye mkono, mikono yote miwili.

Mashabiki walimwandikia mchoraji kupitia wachapishaji. Jibu lilifika baada ya siku kumi, limeandikwa nyuma ya kipande cha boksi: "Mama, nilidhani umenisahau. Toleo lijalo nitaandika aliyetengeneza Kimbunga. Niweke jina gani?"

Binti alitaka jina halisi la baba yake, lile la kwenye vyeti. Mama alikataa. Vilevile alikataa gurudumu jipya ambalo mashabiki walijitolea kumnunulia. Toleo hilo likitoka, anapanga kulitundika mbele ya mkokoteni, hapahapa langoni, mkabala na karakana za mafundi waliofanya kazi na mumewe.

"Aandike Fundi Benibeni," anasema, akikata uzi kwa meno. "Waliomcheka wanamjua kwa jina hilo. Nataka walisome hilohilo."