Mashine Iliyovalishwa Sweta

Msimu wa pamba Bariadi ulikuwa na harufu yake: mbegu zilizokamuliwa, vumbi, na moshi wa malori yaliyopanga foleni nje ya kiwanda. Nilipokuwa na miaka kumi na mitatu harufu ya petroli iliongezeka mtaani kwetu. Kaka Luhende alikuwa amerudi kutoka Mwanza na jenereta, televisheni ndogo na mashine ya gemu, akafungua kibanda jirani na mizani ya pamba. Gemu tuliyoigombania ilitokana na vitabu vya katuni vya Wajapani, vile vinavyosomwa kuanzia nyuma. Askari wa kike mwenye mkono wa chuma alipita katika mji wa maghorofa na mvua isiyokatika, akirushiana risasi na mitambo iliyojifanya watu. Maandishi yote yalikuwa ya Kijapani. Luhende alikuwa na kitabu kimoja kisicho na jalada, na binamu yangu Nkwimba, binti wa mjomba, alikitazama picha kwa picha mpaka akatutafsiria hadithi nzima. Kama alikosea, hakuna aliyeweza kumbishia. Kulenga shabaha hakuna aliyemfikia, labda kwa sababu alizoea kurusha mawe mbele ya ng'ombe wakorofi bila kuwagusa.

Luhende hakuwa na kadi ya kuhifadhi mchezo. Mashine ikizimwa, unaanza upya. Kwa hiyo hatukuwahi kufika kwenye mnara wa mwisho, na siku zilikuwa zinakwisha. Malisho yalikuwa yamepungua, na mjomba alikuwa ameamua kuhamia Rukwa na familia na ng'ombe wake, kama walivyofanya Wasukuma wengi. Wangeondoka Jumapili alfajiri. Nkwimba aliapa kwamba hataondoka bila kuuona mwisho wa askari yule.

Jumamosi tulianza asubuhi. Mchana tukawa chini ya mnara. Ndipo bibi akatuma watu watuite: chakula cha kuwaaga wasafiri hakiliwi na pengo mkekani. Tukasimamisha mchezo bila kuzima mashine. Nkwimba alitangulia mbio. Mimi niliona nyuzi nyeupe za pamba zikiingia dirishani kutoka kwenye malori, zikitua juu ya mashine. Kwetu msimu ule kila kitu kilifunikwa, mtungi, redio, hata mtoto aliyelala. Nikachukua salfeti, lile gunia la plastiki, nikaikunja mara mbili, nikaifunika mashine vizuri, nikaenda kula ugali na michembe ya viazi vitamu vilivyokaushwa nikiwa na amani moyoni.

Tuliporudi, kibanda kilinuka plastiki iliyoungua. Picha ilikuwa imeganda, kisha ikazimika, na mashine haikuwaka tena.

"Nani kaifunika?" Luhende aliuliza, ameshika salfeti ya moto.

Nkwimba alinitazama usoni, akajua.

"Mimi, kaka," akasema Nkwimba.

"Umeivalisha sweta, mwanamke wewe! Hii ni mashine au mgonjwa wa malaria?"

Alitukanwa mpaka wapakuzi wa pamba wakaja kuchungulia. Njiani nilijaribu kuomba radhi, akanikatiza: "Nyamaza. Mimi kesho naondoka. Wewe utaishi naye hapa." Alfajiri nilisikia kengele za ng'ombe zikielekea barabara ya Maswa. Sikutoka nje. Majuto ni mjukuu, na wangu alizaliwa asubuhi ile.

Tangu hapo miguu yangu haijatulia. Nimeuza nguo minadani Mpanda, nimelima mpunga Usangu, nimechoma mkaa nisikokujua jina. Kila mahali niliwauliza wafugaji habari za mjomba. Milima haikutani, binadamu hukutana; lakini imechukua miaka zaidi ya thelathini mchunga ng'ombe mmoja kunipa namba ya simu ya Nkwimba. Siku hizi Bariadi ina lami na umeme, na watoto huutazama mwisho wa gemu yoyote kwenye simu kabla hata ya kuicheza. Mimi pia niliutafuta wa gemu ile, nikaupata, ukapita kwa muda mfupi kuliko wa kumenya kiazi.

Nilimpigia Nkwimba. Tulisalimiana kwa Kisukuma mpaka salamu zikatuishia. Nikamwambia nimeuona mwisho, nimsimulie?

"Usithubutu," alisema, akicheka kwa sauti ya bibi kabisa. "Ukishanisimulia, utanipigia tena kwa sababu gani?"