Siku Nilipomuua Side kwa Maiki

Heri ile maiki ningeikataa. Mugeta, mwenye banda la video pale Nyasura, alinikabidhi kwa mikono miwili nami nikaipokea, na aibu niliyoipata ni kwamba mpaka leo nikipita karibu na banda lake nageuza uso upande wa pili, najifanya naangalia mbuzi wa watu.

Niwaeleze vizuri. Mimi na mjukuu wangu Nyamisi, ambaye yuko kidato cha tatu na anaishi kwangu, tulikuwaga na kawaida yetu. Kila Jumamosi, vyombo vikishaoshwa, tunakaa sebuleni tunaangalia tamthilia ya wanafunzi wenye nguvu za ajabu (mmoja anapaa, mwingine anasikia mawazo ya watu, mambo ambayo mzee wa umri wangu hakupaswa kuyafuatilia, ila niliyafuatilia kuliko taarifa ya habari). Yule binti mkuu, anayetoa moto viganjani, DJ anayezitafsiri picha kwa Kiswahili alimpa jina la Rehema, na mdogo wake akampa la Side. DJ akianza kutia chumvi zake, mimi nasimamisha picha, narudisha nyuma, namweleza Nyamisi Kiingereza chenyewe kinasemaje, naye anauliza, anarudia, anaandika kwa kidole pajani. Shuleni akawa anajisifu, "Babu yangu anajua Kiingereza kuliko DJ."

Maneno hayo ndiyo yaliyomleta Mugeta nyumbani. Sehemu ya mwisho ya sizoni ilikuwa imetoka, DJ hajaitafsiri bado, na vijana wa Bunda hawakuwa na subira.

"Shikamoo mzee wangu. Njoo ututafsirie hapo hapo inavyokwenda, halafu mwishoni utuchambulie, kama wale wa mpira redioni."

Nyamisi akanivuta shati. "Babu, tuiangalie kwanza hapa nyumbani."

"Niiangalie kwanza ya nini?" nikamjibu, na wakati huo tayari nilikuwa natafuta koti.

Banda lilijaa mpaka mlangoni, Nyamisi akakaa mbele na wenzake wa shule, na mimi nikawekewa kiti cha kuzunguka kilichotoka saluni ya jirani. Mwanzo ulikwenda vizuri kwa sababu walikuwa wanapigana, na ngumi haihitaji tafsiri. Shida ilianza walipofungua midomo. Wale watoto wanaongea kama wanafukuzwa, spika za Mugeta zinakoroma, vijana wanapiga miluzi, na ndipo nilipokumbuka kwamba nyumbani nilikuwa na kitufe cha kusimamisha picha na pale sina.

Side akaanguka kutoka juu ya ghorofa la shule. Rehema akamkumbatia, akamwekea mkono kifuani, akanong'ona maneno marefu ambayo sikusikia hata moja. Ningesema "sijasikia" ingekuwa imeisha. Nikashika maiki vizuri nikasema kwa sauti ya huzuni, "Side amefariki! Dada yake anamwambia, nenda salama mdogo wangu, sisi tutakuzika Jumatano."

Wasichana wakaanza kufuta machozi. Hata mimi nilijisikia vibaya kidogo.

Picha iliyofuata, Side huyo hapo, yuko mezani anakula.

"Mzee, marehemu ana njaa!" akapiga kelele mmoja wa nyuma.

"Huyo ni pacha wake," nikasema haraka. "Alikuwaga shule ya bweni."

Banda likalipuka kwa kicheko. Baadaye Rehema akanyoosha viganja, moto ukagoma kuwaka, akatabasamu huku analia, nami nikatafsiri kwamba amechoka, anaomba akalale. Ikaisha.

Hapo ningeweza kuaga. Lakini niliahidi uchambuzi, nikasimama, nikaweka mkono mfukoni, nikasema kwamba sizoni nzima ilikuwa nzuri ila mwisho mwandishi ameharibu kazi, maana pacha anatokea wapi bila kutajwa hata siku moja, na moto unazimikaje bila sababu, na wamemsahau hata marehemu bila kumzika? (Nilikuwa nawalaumu watu wa mbali kwa uongo nilioutunga mwenyewe dakika chache nyuma.)

Nyamisi akasimama.

"Babu, hakuna pacha. Alipomshika kifuani alimwambia, chukua nguvu zangu zote, mimi nitabaki mtu wa kawaida. Ndiyo maana Side amepona. Ndiyo maana moto hauwaki."

Kila mtu akaona kwamba ndivyo ilivyo, na kwamba ule mwisho ulikuwa mzuri sana.

"Mpe maiki huyo!" wakasema vijana.

Na mimi, mtu mzima na mvi zangu, nikasema kwenye spika, "Kaa chini wewe! Hicho Kiingereza umejulia wapi, si mimi nimekufundisha?"

Akakaa. Hakulia, aliinamisha kichwa tu, na wenzake wakamtazama. Nilichosema kilikuwa kweli, nilimfundisha mimi, Jumamosi baada ya Jumamosi, na siku alipokitumia Kiingereza hicho mbele ya watu nikamzima.

Jina la Mzee Pacha walilonibandika siku ile nimelizoea. Boda boda wa stendi wakiniita naitika, na nilipokwenda Butiama kwenye kipaimara, mashemeji walicheka kabla sijapewa kiti. Nyamisi nilimwomba radhi jioni ile ile. "Yameisha, Babu," akasema, na akanitengea chakula kama kawaida.

Sizoni mpya ilipotoka nilikwenda mwenyewe Musoma kuitafuta, nikarudi nayo kwenye flashi, nikapanga viti viwili.

"Nimeshaiona, Babu," akasema kwa upole kabisa. Aliiangalia na wenzake, kwenye simu.

Maiki siishiki tena, hata ya harusini. Kuikubali siku ile kumenigharimu Jumamosi zangu na Nyamisi. Sasa naangalia peke yangu, na pale nisiposikia vizuri, sina wa kumuuliza.